Sikukuu ya Hadithi

Watu hufanya sikukuu kwa sababu nyingi. Huadhimisha kuzaliwa na kuoana, mavuno na mwaka mpya, uhuru wa nchi na kumbukumbu za mashujaa. Zipo pia sikukuu zifanywazo kwa ajili ya hadithi tu. Nilipopata habari za sikukuu hizo kwa mara ya kwanza nilicheka. Sikuelewa jinsi mtu mzima mwenye akili timamu awezavyo kuvaa mavazi ya mfalme ambaye hakuishi, au kula karamu kwa heshima ya jini ambaye hakuzaliwa. Siku hizi sicheki tena. Sikukuu moja ya namna hiyo ilifanywa mtaani kwetu mwaka 2023. Nilikwenda huko kama mwalimu, nikarudi kama mwanafunzi.

Mtaa niliozaliwa ni Kaloleni, katika ile mitaa ya mashariki ya Nairobi iitwayo Eastlands. Jirani zake ni Makongeni, Maringo, Jerusalem, Bahati na Shauri Moyo. Nyumba za Kaloleni zilijengwa katika miaka ya 1940. Ni nyumba ndogo za mawe zilizopangwa kuzunguka viwanja vya wazi na miti, na katikati yake upo ukumbi ambao katika miaka ya 1950 ulisikia sauti za wengi waliodai uhuru wa nchi hii. Tulipokuwa watoto tulilala kwa mvumo wa magari ya Jogoo Road, na siku za mpira tulijua idadi ya mabao kwa kuhesabu kelele zilizotoka City Stadium.

Mtaa huu una maktaba, tawi la Maktaba ya McMillan. McMillan yenyewe ilifunguliwa katikati ya mji mwaka 1931, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Baba yangu, aliyekuwa kibarua wa reli, angeweza kufagia ngazi zake, lakini asingeweza kufungua kitabu ndani yake. Baadaye matawi ya Kaloleni na Makadara yalivileta vitabu karibu na watu wa Eastlands, nayo yalipochakaa shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017, lilishirikiana na serikali ya kaunti kuyatengeneza upya. Nayataja haya ili msomaji ajue kwamba mapenzi ya vitabu hayakuingia mtaani kwetu kwa njia nyepesi. Kitabu kwetu ni kitu kilichosubiriwa.

Ijapokuwa nilihamia Umoja zamani, ilikuwa desturi yangu kurudi Kaloleni kila Jumamosi na kuwasomea watoto chini ya mti karibu na ukumbi. Walikuja kumi, walikuja ishirini, wengine wakiwabeba wadogo zao mgongoni. Miongoni mwao alikuwa binti wa kaka yangu, msichana wa miaka kumi na minne, mwenye macho makali na maswali makali zaidi. Mimi na baba yake tulikuwa hatusemezani. Walakini mtoto huyo hakukubali kuurithi ugomvi wetu. Alikuja, akaniamkia kwa adabu, akaniita baba mdogo, akaketi mbele.

Jumamosi moja niliwaeleza watoto habari za hadithi zipendwazo ulimwenguni. Niliwaambia juu ya L. Frank Baum, Mmarekani aliyetoa mwaka 1900 hadithi ya msichana anayechukuliwa na kimbunga mpaka nchi ya Oz, ambako anafuatana na mtu wa majani makavu, mtu wa bati na simba mwoga. Hadithi hiyo iliwaingia watu moyoni hata mwaka 1957 mvulana wa miaka kumi na mitatu, Justin Schiller, akaanzisha chama cha waipendao. Chama kilianza na watu kumi na sita, nacho kikaenea katika nchi nyingi na kufanya mikutano yake mikuu. Na katika Chittenango, kijiji cha jimbo la New York alikozaliwa Baum mwaka 1856, sikukuu ya hadithi hiyo ilianza mwaka 1978. Wazee kwa watoto huvaa mavazi ya watu wa Oz wakapita barabarani kwa maandamano.

Niliwaambia pia juu ya Uingereza. Tarehe 4 Julai 1862, mwalimu mmoja wa Oxford aliwapeleka mtoni kwa mashua wasichana watatu, akawasimulia hadithi ya kupitisha wakati. Hadithi hiyo ilichapishwa mwaka 1865, na leo mji wa Oxford una siku yake ya kuikumbuka kila mwaka mwezi wa Julai. Hata Kiswahili kiliipata mapema: mwaka 1940 ilitolewa kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akatoa tafsiri nyingine.

Watoto walisikiliza kwa makini. Nilipomaliza, binti wa kaka yangu aliinua mkono.

"Baba mdogo," alisema, "mvulana yule alikuwa mdogo kuliko mimi. Watu wa Chittenango wana sikukuu ya hadithi yao, na watu wa Oxford wana ya kwao. Hadithi yetu sisi sikukuu yake ni lini?"

Sikuwa na jibu. Nilisema kwamba jambo hilo linahitaji fedha. Akauliza ni fedha kiasi gani zinazohitajika kukata boksi na kulipaka rangi. Nikasema kwamba jambo hilo linahitaji watu. Akageuka akawatazama wenzake, kisha akanitazama mimi, wala hakuongeza neno. Basi shauri likapita.

Yalibaki maswali ya hadithi ipi. Wengine walimtaka Abunuwasi kwa ajili ya hila zake, wengine Fumo Liyongo kwa ajili ya nguvu zake, na watoto wa Kijaluo walimtaja Luanda Magere, ambaye mkuki haukupenya mwilini mwake. Kila mmoja alitetea wake kwa bidii. Mwishowe tulichagua kitabu tulichokuwa tumekimaliza kukisoma pamoja: Adili na Nduguze, alichokitoa Shaaban Robert mwaka 1952, ambacho kwa miaka mingi kilisomwa katika shule za Afrika Mashariki.

Kwa ajili ya yule ambaye hajakisoma, nitaeleza kwa ufupi. Mfalme Rai alimtuma mjumbe wake, Ikibali, kwenda kwa Adili, liwali wa Janibu. Usiku mjumbe aliona jambo la kutisha: Adili, mtu aliyesifiwa kwa huruma, aliwachapa mijeledi manyani wawili, kisha akalia na kuwabembeleza. Alipoitwa mbele ya mfalme, Adili alieleza kwamba manyani hao walikuwa ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Waliupoteza urithi wao wakarudi mikono mitupu, naye akawapokea na kuwagawia tena mali yake. Walisafiri pamoja, wakafika katika Mji wa Mawe, ambamo watu wote waligeuka mawe isipokuwa msichana aitwaye Mwelekevu. Katika safari ya kurudi ndugu wale walimtupa Adili baharini. Aliokolewa na Huria, binti wa mfalme wa majini, ambaye aliwageuza waovu wale manyani na kumwamuru Adili awapige kila usiku. Hakuwapiga kwa kupenda. Mwishoni Rai aliwaombea msamaha, nao wakarudishiwa utu wao. Asili ya kisa hiki ni hekaya moja ya Alfu Lela Ulela, lakini Shaaban Robert alikishona upya kwa uzi wake mwenyewe.

Hapa yanipasa kuungama jambo. Nilikuwa nimekisoma kitabu hicho mara nyingi tangu ujana wangu, na kila mara nilijiona kuwa Adili. Hasidi na Mwivu walikuwa watu wengine. Katika miaka ile ya karibuni nilikuwa nimempata hata mtu wa kumvika jina la Hasidi. Alikuwa kaka yangu.

Ugomvi wetu ulianza mwaka 2019, alipofariki mama. Baba alikuwa amefariki zamani, nikiwa darasa la tano. Kaka yangu, aliyekuwa kidato cha pili, aliacha masomo akaingia kazi ya kibarua katika karakana. Kwa mshahara wake mimi nilimaliza shule, nikaenda chuo cha ualimu, nikapata kazi na nyumba yangu. Yeye alibaki Kaloleni pamoja na mama. Alioa humo, akalea watoto humo, akamwuguza mama humo hata siku yake ya mwisho. Baada ya matanga nilisimama mbele ya jamaa nikataka jina langu liandikwe pamoja na lake katika kitabu cha kodi. Nyumba haikuwa yetu. Sisi tulikuwa wapangaji tu, kama walivyokuwa jirani zetu wote, nami nilijua hivyo. Walakini nilisema kwamba ameila nyumba ya baba peke yake, na kwamba alimtunza mama ili apate kuirithi.

Kaka yangu hakujibu. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chakula. Alilirudisha jikoni polepole. Niliondoka bila kula. Tangu siku ile, kila nilipokwenda Kaloleni nilipita njia ya mbali, nyuma ya ukumbi, ili nisiuone mlango wa mama. Na kila aliyekubali kunisikiliza nilimwambia kwamba nimedhulumiwa.

Siku ya sikukuu ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Mnajua Nairobi ilivyo katika Agosti: mbingu ya kijivu, baridi ya asubuhi, na jua lisilotokea mpaka mchana. Watoto walikuwa wamefanya kazi wiki tatu. Maboksi ya dukani yaligeuka mataji na mapanga. Leso za akina mama zilishonwa joho la Huria, na kofia ya Mfalme Rai ilikuwa kawa la kufunikia chakula lililozungushiwa karatasi za chokoleti. Akina mama waliahidi mandazi na chai, na mzee mmoja wa Jerusalem alitoa mabenchi yake. Walikuja watoto yapata sitini, na watu wazima ambao sikuwatazamia: fundi viatu, muuza mboga, kinyozi aliyefunga kibanda chake, na vijana wawili waliokuja kucheka, wakabaki.

Michezo ilianza kwa Mji wa Mawe. Watoto walitawanyika uwanjani kama watu wa sokoni, na filimbi ilipolia kila mmoja aligeuka jiwe alivyokuwa: huyu akipima nyanya, huyu akikata nywele, yule akikimbia mguu mmoja juu. Aliyetikisika alitoka. Mshindi alikuwa mtoto wa miaka sita aliyejifanya amelala, na watu walibishana sana kama kulala ni hila au ni akili. Kisha yalifuata mashindano ya maswali na ya picha. Mtoto mmoja alimchora Adili amesimama mbele ya nyumba za Makongeni, na gari la moshi likipita nyuma ya Janibu. Hakuna aliyemsahihisha. Alikuwa na haki ya kuiweka Janibu alipotaka.

Ndipo ulipofika mchezo mkubwa, wa kuigiza hadithi yenyewe. Ili watoto wasigombee ufalme, binti wa kaka yangu alikuwa ameshauri kwamba sehemu zote zigawanywe kwa kura, na kwamba watu wazima nao watie mkono. Majina yaliandikwa katika vikaratasi, yakatiwa katika sufuria. Sehemu ya Rai ilimwangukia msichana wa miaka minane wa Maringo. Mwivu alikuwa fundi viatu. Binti wa kaka yangu alifungua chake akatabasamu: Adili. Mimi nilitia mkono nikiwa na hakika kwamba mwalimu hatakosa angalau uwaziri. Nilikunjua karatasi nikasoma: Hasidi.

Watoto walishangilia kwa furaha kubwa. Nilivikwa kinyago cha boksi chenye nywele za katani, nikafungwa mkia wa kamba. Nilipiga magoti kando ya fundi viatu, naye alinong'ona chini ya kinyago chake, "Mwalimu, leo tumepatikana." Nilicheka. Niliona mambo yote kuwa mzaha mpaka Adili alipokuja na mjeledi wake wa kitambaa kilichosokotwa.

Alitupiga taratibu, na watoto wakahesabu mapigo. Kisha, kama ilivyo hadithini, alitupa mjeledi chini, akapiga magoti mbele yangu, akafuta macho ya kinyago changu kwa pembe ya leso. Alimega andazi akanitia kinywani. "Kula, ndugu yangu," alisema. Nami, kupitia tundu mbili za boksi, niliuona uso wake kwa karibu. Ulikuwa uso wa kaka yangu alipokuwa na umri ule, miaka michache kabla ya kuacha shule. Andazi lilinikwama kooni.

Nilipoinua macho nilimwona kaka yangu mwenyewe. Alikuwa amesimama nyuma ya watu, chini ya mti, na mfuko wa vyombo vya kazi begani. Bintiye alikuwa amemwalika. Hakujua ni nani aliyekuwa ndani ya kinyago, nami nilitamani asijue.

Adili alimweleza Rai kisa chote. Alipokwisha, Ikibali alitaka kuendelea na barua ya msamaha, lakini mfalme wetu wa miaka minane aliinua mkono. "Bado," alisema. "Adili amesema yake. Na manyani nao waseme." Jambo hilo halikuwa katika mchezo tuliouandaa. Watoto wakapiga makofi. Mfalme alininyoshea kidole. "Wewe, Hasidi. Ndugu yako alikugawia mali yake. Kwa nini ulimtupa baharini?"

Msomaji, nimesoma kitabu kile tangu nikiwa mvulana, na sikupata kujiuliza swali hilo. Nilikuwa nikijibu kwamba Hasidi alifanya uovu kwa kuwa alikuwa mwovu, na jina lake lilitosha kuwa sababu. Sasa nilikuwa nimepiga magoti uwanjani, mtoto ananitazama, na jibu la kusema kwamba mimi ni mwovu halikutosha. Kila mwovu ana sababu aionayo kuwa njema. Nilikaa kimya, nikaitafuta sababu ya Hasidi, na niliyoipata ilikuwa yangu.

"Mtukufu mfalme," nilisema, "ndugu yangu alinitendea wema ambao sikuweza kuulipa. Kila nilichokuwa nacho kilitoka mkononi mwake. Hakunidai, wala hakunikumbusha, na hilo ndilo lililoniumiza. Kama angenidai ningemlipa, nikawa huru. Nilipomwona nilikumbuka deni. Nilitaka awe na kosa, hata liwe dogo, ili tuwe sawa. Sikuliona, basi nikalitunga."

Uwanja ulinyamaza. Fundi viatu aligeuza kinyago chake akanitazama. Kaka yangu aliijua sauti yangu. Niliona akishusha mfuko wake chini.

Mfalme alifikiri kidogo. "Basi kosa si la Adili," alisema.

"La," nilijibu. "Kosa si lake."

"Na ukigeuzwa mtu tena, utafanya nini?"

Watoto wote walingoja. Nilisema kwamba nitaanza kwa kumwamkia. Jibu hilo lilimridhisha. Barua iliandikwa, Huria alikuja na joho lake la leso, akatunyunyizia maji kutoka katika kikombe cha plastiki, nasi tukavua vinyago kwa vigelegele vya akina mama.

Sikukuu ilikwisha karibu na magharibi. Watoto walikwenda zao na mataji vichwani, na yule mshindi wa miaka sita alibebwa amelala kweli. Mimi nilibaki kukusanya mabenchi. Nilikuwa nikiburuta benchi refu la mzee wa Jerusalem nilipohisi upande wa pili ukiinuka.

"Benchi hili ni zito kwa nyani mmoja," kaka yangu alisema.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia kwa miaka minne. "Shikamoo, kaka," nilisema. Akajibu, "Marahaba." Tulibeba benchi mpaka ukumbini, tukarudi tukabeba la pili na la tatu. Hatukuzungumza juu ya nyumba wala juu ya matanga. Nilipotaka kuomba radhi kwa maneno marefu niliyokuwa nikiyapanga, alinikatiza akasema kwamba amenisikia tangu mchana, na watu sitini ni mashahidi wa kutosha. Kisha akasema chai iko nyumbani. Nilipita njia ya karibu, na mlango wa mama ulikuwa umepakwa rangi mpya ya kijani ambayo sikuwa nimeijua.

Sitaki msomaji adhani kwamba kila kitu kilitengenea jioni ile. Maneno niliyoyasema mbele ya jamaa mwaka 2019 hayakufutika kwa kikombe cha chai. Mke wa kaka yangu alinikaribisha kwa heshima, lakini ilipita miezi kabla hajanicheka kama zamani, wala simlaumu. Walakini sina haja tena ya kitabu cha kodi, na Jumamosi sipiti njia ya mbali.

Nimefikiri sana juu ya siku ile. Wahenga walisema, nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Nilikuwa nikiwafundisha watoto methali hiyo kila mwaka, na kila mwaka niliifikiria ya watu wengine. Kumbe kitabu nacho hufuata desturi hiyo kikisomwa upweke. Msomaji aliye peke yake hujichagulia sehemu, na hapana ajichaguliaye unyani. Huketi kando ya mwema, akaona fahari juu ya wema ambao hakuutenda, na adui zake akawapeleka upande wa pili. Hadithi yenyewe haimkatalii, kwa kuwa kitabu hakina mkono wa kumshika msomaji bega na kumgeuza.

Watu wakikusanyika kwa ajili ya hadithi moja, mambo huwa mengine. Huwezi kuchagua peke yako. Kura hukuangukia, mtoto hukuuliza swali ambalo mwandishi hakuliuliza, na jirani hukuona ukijibu. Nadhani watu wa Chittenango na Oxford hufanya sikukuu zao kwa furaha zaidi kuliko mafunzo, na furaha ni sababu ya kutosha. Hata hivyo sidhani kwamba mtu anaweza kuwa simba mwoga mchana kutwa mbele ya wenziwe asirudi nyumbani na neno moja juu ya woga wake.

Wewe kijana usomaye insha hii huenda una kitabu ukipendacho. Kipende. Lakini safari ijayo utakapokisoma, simama mahali mwovu aliposimama, uulize kwa nini alitenda alivyotenda, wala usikubali jibu kwamba alikuwa mwovu. Ukiweza, waite wenzako watatu au wanne, mkagawane sehemu kwa kura. Fedha hazihitajiki nyingi. Boksi moja la dukani hutoa vinyago viwili. Changu kimetundikwa ukutani sebuleni kwangu Umoja, na nywele zake za katani zimeanza kunyonyoka. Wageni huniuliza ni cha nani. Huwaambia kwamba ni changu.